Daftari la viboko

Daftari lenyewe lilikuwa chini kabisa ya kabati, limelaliwa na mafaili ya kamati ya chakula na boksi la chaki lililokwisha. Kaunta buku ya kwaya tatu, jalada jekundu, na juu yake mtu aliandika kwa kalamu ya wino mzito: ADHABU. Nililipangusa vumbi kwa kiganja, nikalifungua nikiwa nimesimama.

Ndani, kurasa zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula, kwa uangalifu mkubwa. Tarehe. Jina la mwanafunzi. Kidato. Kosa. Idadi ya viboko. Aliyetoa adhabu. Sahihi ya mkuu wa shule. Chini ya vichwa hivyo palikuwa na majina matatu tu, na la mwisho lilikuwa la miaka kadhaa nyuma. Baada ya hapo kurasa nyeupe mpaka mwisho.

Asubuhi ile ile, pale getini, mimi na mwalimu wa zamu tulikuwa tumechapa mstari mzima wa wachelewaji. Sikumbuki walikuwa wangapi. Hilo la kutokukumbuka ndilo lililonifanya nikae chini.

Nilikuwa nimeteuliwa karibuni kuwa mwalimu wa nidhamu. Shule yetu ni ya kata, mkoani Singida, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi baada ya 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza na kila kata ikatakiwa kuwa na sekondari yake. Aliyenitangulia alikuwa amepata uhamisho. Aliniachia ufunguo wa kabati na fimbo mbili za mkole nyuma ya mlango, na makabidhiano yetu yakaishia hapo. Mkole ni mti mzuri kwa kazi hiyo, unapinda bila kukatika. Watoto wanaujua kuliko walimu, kwa kuwa ndio wanaotumwa kwenda kuukata.

Nikamuuliza mkuu kama daftari linatumika. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni. "Hilo tunalijaza wadhibiti ubora wakija kukagua, Mwalimu."

Jioni niliitafuta sheria yenyewe nikaisoma. Nilikuwa na miaka tisa kazini na sikuwa nimewahi kuisoma. Pale ofisini kila mjadala wa fimbo ulifungwa na mtu akisema "sheria inaruhusu", na sote tulitikisa kichwa, nami nikiwamo. Ni kweli inaruhusu. Sheria ya Elimu ya 1978 inampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zipo. Ila zinaruhusu kitu ambacho mimi sikuwahi kukifanya hata siku moja. Zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la utovu wa nidhamu, au lile linaloweza kuiharibia shule jina. Zinataka uangalie uzito wa kosa, umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake. Visizidi vinne. Achape mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amemteua kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Na kila mara, kila mara kabisa, iandikwe kitabuni.

Barua ya kuniteua kwa maandishi sikuwahi kupewa. Wala hakuna mwalimu hata mmoja niliyemfahamu aliyewahi kuipata. Kuchelewa darasani si kosa kubwa linaloharibia shule jina. Kukosea hesabu si kosa la nidhamu kwa namna yoyote ile. Kwa kipimo cha sheria tuliyokuwa tukijikinga nayo, karibu kila kiboko nilichopiga kwa miaka tisa kilikuwa nje ya sheria.

*

Anayefikiri walimu hatujadili mambo haya hajakaa ofisi ya walimu saa nne, chai ikimiminwa. Tunayajadili mpaka kengele inalia na hakuna anayeinuka. Na hoja za wanaotetea fimbo si za kipuuzi. Nazieleza kama nilivyozisikia, kwa kuwa nyingi nilishazisema mwenyewe.

Ya kwanza ni ya Madam wa Kiswahili, ambaye mkondo wake mmoja ulikuwa na watoto zaidi ya 90. Ada ilipofutwa 2016, na elimu ikawa bila malipo mpaka kidato cha nne, watoto walikuja, na ilikuwa haki yao kuja. Vyumba na walimu havikuja kwa kasi hiyo. "Nipe watoto 40," alikuwa akisema, "na mimi fimbo nitaichoma moto kesho." Nilipomwambia kwamba mtoto wa nyuma haoni ubao, ndiyo maana anapiga kelele, alinijibu: "Najua. Kwa hiyo nifanyeje saa hii, si mwaka kesho?" Sikuwa na jibu la saa hii.

Ya pili ni ya wazazi. Wanakuja shuleni wakiwa wamemshika mtoto mkono: Mwalimu, huyu mchape, mimi nirudishie mifupa tu. Mzazi wa namna hiyo ukimwambia hapa hatuchapi, anaona umemtupa mtoto wake. Methali ziko upande wake. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Ya tatu ilikuwa ya Mzee wa Historia, mwalimu aliyebakiza miaka michache kustaafu, ambaye sote tulimwamkia kwanza tuingiapo. Yeye alisema hatujui tunachokiacha. Alikuwa na tabia ya kueleza mambo kuanzia mbali. Akatukumbusha kwamba kiboko ni mnyama, na mjeledi ulichukua jina lake kwa sababu ulikatwa kwenye ngozi yake. Akaeleza "hamsa ishirini" ya Wajerumani, viboko 25, hesabu ambayo wazee wa huku waliisimulia kwa neno hilo hilo la Kiarabu. Akaeleza kwamba hata baada ya Uhuru hatukukitupa: sheria ya 1963 iliyoweka viwango vya chini vya adhabu iliwapa wala rushwa na wezi wa mifugo viboko 24, nusu wakiingia gerezani na nusu wakitoka. "Taifa hili limelelewa hivyo," alisema. Mimi nilisikia historia ile ile nikatoa maana nyingine kabisa: kitu alichotumia mtawala kumvunja mtu mzima, sisi tumekigeuza kifaa cha kufundishia mtoto wa miaka 14. Tulibishana wiki nzima.

Na halafu Kenya. Hoja ya Kenya lazima iletwe na mtu. Wenzetu walifuta viboko, mnaona sasa, kila mwaka mabweni yanaungua. Ni kweli kwamba 2016 peke yake shule zaidi ya 100 ziliteketezwa kule. Lakini anayeleta hoja hiyo aisome kalenda. Moto wa Kyanguli, Machakos, ulioua wavulana 67 bwenini, ulikuwa Machi 2001, na adhabu ya viboko ilifutwa nchini humo baadaye mwaka huo huo. Watoto wale walisoma kwenye shule zenye fimbo. Kama fimbo ingekuwa kinga ya moto, Kyanguli isingeungua.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa kwa sauti, lakini lilikaa nasi pale mezani. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mafunzo wakimpiga mwanafunzi katika shule moja jijini Mbeya. Agosti 2018, Bukoba, mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kuchapwa kwa tuhuma za wizi, na Machi iliyofuata mahakama ikamhukumu mwalimu adhabu ya kifo. Siku habari ile ilipotufikia, ofisi ilikuwa kimya. Kijana mmoja aliyekuwa na mwaka wa kwanza kazini aliichukua fimbo yake mezani akaisimamisha kwenye kona, polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka. Kesho yake aliichukua tena.

*

Mimi nafundisha Hisabati. Nieleze sasa kilichonigeuza, na hakikuwa sheria wala habari ya Bukoba.

Nilikuwa na utaratibu wangu, na niliona ni wa haki kwa sababu ulikuwa sawa kwa wote. Zoezi lina maswali kumi. Ukipata chini ya matano, unachapwa kulingana na yale uliyopungukiwa. Siku za zoezi watoto walijua. Wavulana walivaa kaptula mbili, wengine walipachika daftari ndani. Wasichana walifuta viganja kwenye sketi kabla sijafika kwenye dawati lao. Nililiona hilo kila wiki, nikalichukulia kama sehemu ya maisha ya shule, kama kengele na mchakamchaka.

Wiki moja, kidato cha kwanza, nilitoa milinganyo rahisi. Mmoja ulikuwa 3x + 5 = 20. Jibu ni 5. Nikaanza kusahihisha nikakuta 8⅓. Daftari linalofuata, 8⅓. La tatu, 8⅓. Mstari mzima wa madawati ya kulia, na nusu ya ule wa katikati, walikuwa na jibu lile lile la ajabu, sehemu yake ikiwa imeandikwa vizuri kabisa. Nikajua wameibiana. Nikawachapa wote kwa kuibiana, na waliokuwa chini ya matano nikawaongezea.

Muhula uliofuata, baada ya lile daftari jekundu kunikalisha chini, niliamua kujaribu mwezi mmoja bila fimbo darasani kwangu. Mwezi mmoja tu, na sikumwambia mtu. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Kelele ziliongezeka, na wawili watatu wakaacha kabisa kufanya zoezi. Wiki ya pili nikarudisha milinganyo, na 8⅓ ikarudi. Safari hii niliiandika ubaoni mwenyewe, kubwa, nikasema sitaki kujua nani kaandika, nataka kujua imetoka wapi.

Kimya. Watoto waliochapwa kwa miaka minane ya shule hawaamini swali la namna hiyo. Wanajua ni mtego. Nikarudi kukaa nyuma, kwenye dawati, nikaiacha chaki juu ya meza. Baada ya muda mrefu binti mmoja wa dirishani akanyoosha mkono nusu, kiwiko kikiwa bado mezani.

"Mwalimu, ulisema tano ikivuka tubadilishe saini."

"Ndiyo."

"Saini ya nani?"

Hakuna aliyecheka. Nilizitazama zile sura nikaona wengi wakisubiri jibu kama yeye.

Nilikuwa nimelisema kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa sekondari, mara moja, nikiwa nimegeukia ubao. Walikuwa wametoka darasa la saba, miaka saba wakijifunza hesabu kwa Kiswahili: kujumlisha, kutoa, alama ya kujumlisha, alama ya kutoa. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba "alama" ile kwa Kiingereza ndiyo "sign", neno ambalo wao wanalijua kama saini, ile anayoweka baba kwenye barua ya shule. Kwa hiyo tano ilivuka na saini yake isiyojulikana, ikabaki ya kujumlisha. 20 na 5 zikawa 25. Gawanya kwa 3. Inatoka 8⅓, bila kosa lolote la hesabu. Hawakuwa wameibiana. Kila mmoja alikuwa amefika pale kwa miguu yake, kwa kunifuata mimi.

Nikafuta ubao, nikachora mizani ya sokoni, ile ya vitunguu. Upande huu mifuko mitatu na kilo tano za mawe, upande huu kilo 20. Ukitoa mawe ya kilo tano huku, na huku utoe nini ili mizani isilale? "Tano!" Dakika kumi zilitosha. Dakika kumi ambazo ningekuwa nazo tangu muhula wa nyuma, kama mtoto hata mmoja angethubutu kuniuliza.

Ninachotaka kuwaambia walimu wenzangu kiko hapo. Hoja ya maumivu ya mtoto ni ya kweli na inatosha peke yake. Lakini kwa mwalimu kuna hasara nyingine ambayo hatuitaji kamwe ofisini. Mtoto anayeogopa anaficha kosa lake, na kosa ndilo dirisha pekee nililonalo la kuona kichwani mwake mmeingia nini katika nilichosema. Ananakili kazi ya jirani, anaacha wazi, anasema "nimeelewa" kwa pamoja na darasa zima. Fimbo yangu ilinifichia makosa yao, na chini ya makosa yao ilinifichia yangu. Kwa miaka tisa nilipewa taarifa za uongo kuhusu ufundishaji wangu, na mwenye kuzitengeneza nilikuwa mimi.

*

Kwenye kikao cha walimu sikupendekeza fimbo ifutwe. Nisingepata hata mtu wa kuniunga mkono, na mkuu angeona najitafutia sifa. Nilipendekeza tufuate kanuni, basi. Anayechapa aandike kwanza kwenye daftari: jina, kosa, idadi, na mkuu asaini. Nani angesimama kikaoni kupinga sheria tuliyokuwa tukiitaja kila siku? Ilipita. Mkuu alikubali, nadhani kwa kuwafikiria wadhibiti ubora.

Safu iliyofanya kazi ilikuwa ile ya "Kosa". Mkono ukishazoea kuchapa hauulizi kitu, lakini kalamu inauliza. Mwalimu anakuja na hasira zake, analifungua daftari, anafika pale, anasita. "Hajui jibu." Hilo ni kosa gani la nidhamu? "Kachelewa." Wachelewaji walipoanza kuandikwa, majina yakawa yale yale, na ukiyatazama pamoja unaona karibu wote wanatoka ng'ambo ya korongo. Mvua ikinyesha usiku wanasubiri maji yapungue ndipo wavuke. Tulikuwa tukiwachapa kwa sababu ya mvua. Mwalimu wa zamu alipoliona hilo kwa macho yake kwenye ukurasa, alipendekeza mwenyewe waingie darasani moja kwa moja, waripoti mapumziko.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Wengine waliiacha fimbo wakahamia kupiga magoti kwenye changarawe, kuruka kichura, kufyeka nyasi vipindi viwili mtoto akikosa Fizikia. Na wengine wakahamia kwenye maneno. Nilimsikia mwalimu akimwambia mtoto mbele ya wenzake mambo kuhusu mama yake ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mtoto yule aliniambia baadaye, kwa utulivu kabisa, kwamba bora angechapwa. Niliposikia hivyo nilielewa kwamba kazi yenyewe sikuwa nimeianza. Daftari halina safu ya matusi.

Madam wa Kiswahili bado ana watoto wake 90 na zaidi, na bado ananiuliza saa hii nifanyeje. Nilichoweza ni kuingia naye darasani vipindi viwili kwa wiki, mimi nikikaa nyuma na wale wasioona ubao. Anasema inasaidia kidogo. Anasema pia kwamba siku nisipokuja anaichukua fimbo, na anaandika. Namheshimu kwa kuandika.

Mzee wa Historia hakulishika daftari muhula mzima. Aliendelea kama zamani, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia neno. Siku moja, saa ya mwisho, alikuja ofisini kwangu na mvulana wa kidato cha pili akimfuata nyuma. Akaniomba lile daftari. Nikampa na kalamu. Alivaa miwani, akaandika tarehe kwa ule mwandiko wake wa kulala, akaandika jina la mtoto na la baba yake, akaandika kidato. Akafika kwenye safu ya nne. Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

"Mwalimu," akaniuliza bila kuinua macho, "huyu nimemuuliza sababu za Vita vya Majimaji, akanitajia moja tu. Niandikeje?"

Nilisema sijui, Mzee.

Alikaa hivyo kitambo. Kisha akaifunika kalamu, akamgeukia yule mvulana. "Ile moja uliyoitaja ni ipi? Hebu irudie." Mtoto akasema walilazimishwa kulima pamba. Mzee akavuta kiti, akamwonyesha kwa kidole akae. "Pamba ya nani?" akamuuliza. "Na ilikuwa ikivunwa miezi gani? Fikiria, kwenu mnavuna lini chakula?"

Niliwaachia ofisi, nikatoka kwenda kugonga kengele.